Foni Iliyonyamaza Saa Nne

Mwanangu, kabla hujachomeka huo waya kwenye redio, keti kwanza nikusimulie asubuhi moja ambayo mpaka leo ikinijia huwa naacha ninachofanya. Usikunje uso. Najua unaijua kompyuta kuliko mimi, wala sijakuita nikuzuie. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza pale Ndosho, mjini Goma, kuunganisha kompyuta na foni, na nilijivuna kwa hilo kupita kiasi.

Siku hizo za vita, foni, ile redio ya kuongea na watu wa mbali, ndiyo ilikuwa mdomo wetu. Simu hazikufika milimani, na kule zilikofika minara ilikuwa imezimwa. Parokia yetu ilikuwa na chumba kimoja chenye foni hiyo, betri mbili za gari, na benchi la wanaongoja. Mkuu wa chumba alikuwa muzee Paluku, mtu wa Butembo kama baba yangu, mpole asiye na maneno mengi. Mimi nilikuwa msaidizi wake, msichana wa miaka ishirini na miwili, nimetoka shule juzijuzi, hakuna wa kuniambia kitu.

Kila kituo kilikuwa na saa yake ya kuita, ambayo tuliiita vakasyo. Misheni moja ya Masisi ilituita saa nne asubuhi. Watu waliokimbia huko wakakaa kambi ya Kanyaruchinya walishuka kwa miguu kuja kusikia kama ndugu zao bado wako hai. Tulitaja majina herufi kwa herufi huku redio ikikoroma, na jina moja lingeweza kutuchukua robo saa. Kwa hiyo mgeni mmoja aliponipa programu iliyotengenezwa na watu wanaopenda redio kwa raha yao tu, nilifurahi sana. Alinieleza kwamba kompyuta ikiunganishwa na redio kwa waya inaweza kuibadilishia masafa, kuiamuru isikilize au iseme, na hata kupeleka orodha nzima ya majina kwa maandishi. Nia yangu ilikuwa njema. Nataka ulisikie hilo, maana sisi wazee tunapenda kusimulia makosa yetu kama vile ujanani tulikuwa wapumbavu tu.

Asubuhi hiyo muzee Paluku alikuwa amepeleka betri moja kuchajiwa mtaa wa Katoyi. Nikaona nafasi ndiyo hiyo. Nikachomeka waya, nikafungua programu, nayo ikaniuliza maswali. Mojawapo lilitaka niseme ni njia ipi ya waya itakayoiamuru redio kurusha sauti. Sikulielewa. Badala ya kungoja nimuulize muzee, nikachagua jibu la kwanza nililoliona. Papo hapo namba ya masafa iliyokuwa kwenye redio ikatokea kwenye kompyuta, ile ile, bila kukosea hata tarakimu moja. Na ule mkoromo wa redio, uliokuwa ukituumiza masikio miaka yote, ukakatika. Mwanangu, nilicheza peke yangu mule ndani. Nilidhani kompyuta imesafisha kelele.

Ilipokaribia saa nne akaingia Mama Furaha. Alikuwa amekimbia Masisi siku ambayo binti yake wa miaka saba, huyo Furaha, alikuwa kwa bibi yake ng'ambo ya kilima, na hakupata njia ya kumrudia. Jana yake misheni ilikuwa imesema mapigano yamesogea, kesho watafunga kituo na kuondoka, yule bibi na mtoto watakuwa pamoja nao, na saa nne watatuambia wanaelekea wapi. Hiyo ndiyo ingekuwa vakasyo ya mwisho. Kaka yake Mama Furaha alikuwa amekwisha kufunga mizigo. Alitaka wavuke mpaka wa nchi siku hiyo hiyo na dada yake aende naye.

Tukangoja. Kawaida yetu ilikuwa wa mlimani waite kwanza, sisi tuitike. Saa nne ikapita. Saa nne na robo. Mama Furaha alikuwa akinitazama mdomo, mimi natazama kompyuta yangu. Ilipofika saa nne na nusu nikamwambia, kwa sauti ya mtu anayejua kazi yake, kwamba hawakuita. Hakulia. Alijifunga kitenge vizuri, akaniaga, akatoka.

Muzee Paluku aliporudi hakufika hata kwenye kiti. Alisimama mlangoni, kichwa kimeinama upande, anasikiliza.

“Masika, ju ya nini foni haikoromi?”

Nikaanza kumweleza kuhusu kompyuta inayosafisha kelele. Alikuwa haniangalii mimi, anaangalia taa ndogo nyekundu ya redio, ile inayowaka unapobonyeza kusema. Ilikuwa inawaka, na hakuna aliyekuwa amebonyeza. Akachomoa waya. Taa ikazimika, mkoromo ukarudi, na mimi nikaelewa. Tangu nilipofungua ile programu, redio ilikuwa inarusha mvumo mtupu hewani, na redio inayorusha haisikii. Nilikuwa nimeziba mdomo wa kila mtu kwenye masafa yale.

Akaita kituo cha Sake, mji ulio njiani kwenda Masisi. Mwenzetu wa Sake akajibu kwa hasira kwamba Goma tumewakalia hewani asubuhi nzima. Akasema Masisi walituita mara tatu, yeye aliwasikia kwa shida nyuma ya fujo yetu, akalipata jina la Mama Furaha na neno mutoto, mengine yakazama. Kisha wakanyamaza. Walikuwa wamefunga.

Nikamwambia muzee tutume mtu aseme mitambo iliharibika. Hakupandisha sauti.

“Hapana. Utaenda weye mwenyewe, leo. Usimuambie ni mashini. Umuambie ni weye, na umuambie yote yenye Sake alisema, usipunguze kitu.”

Nilipanda moto, yaani pikipiki, mpaka Kanyaruchinya, na njia nzima nilikuwa natunga namna ya kupunguza. Nilimkuta amekaa juu ya mizigo iliyofungwa, kaka yake amesimama karibu anamharakisha. Nikamwambia. Nilisema ni mimi, nikasema waliita mara tatu, wakataja jina lake na neno mutoto, nikasema neno la mahali wanakoelekea limepotea kwa sababu yangu. Kaka yake alinitukana, na alikuwa na haki. Mama Furaha akanishika mkono.

“Baliita? Basi saa ine mutoto wangu alikuwa muzima.”

Akaanza kufungua mizigo.

Ndipo nikajua nilichokuwa nimemwachia asubuhi ile niliposema hawakuita. Alikuwa ametoka kwetu akiwa na msiba. Alikuwa anavuka mpaka kwa sababu hakuona tena wa kumngoja. Kaka yake akaenda peke yake. Yeye akawa anakwenda Sake kila siku anayoweza, anasimama barabarani, anauliza kila kundi linaloshuka kutoka Masisi. Ilichukua wiki tano. Siku aliyompata, mtoto alikuwa amekonda na bibi yake anamvuta mkono, na watu wanasema vigelegele vya Mama Furaha vilisikika mpaka sokoni.

Sasa sikiliza, mwanangu. Unganisha kompyuta yako, ni kitu kizuri. Lakini swali usilolielewa usilijibu, na ukimaliza kufunga waya iangalie redio yenyewe, usikilize mkoromo wake, maana watu wako upande ule wa mkoromo. Na siku utakapokosea, kwa sababu utakosea, usitume mtu, wala usisingizie mashine. Nenda siku hiyo hiyo, useme yote. Wewe hujui ni kipande gani cha ukweli ambacho mwenzio anakihitaji ili aendelee kungoja.

Haya, chomeka. Mungu akupe masikio ya kusikia wanaokuita kwa shida, akupe na miguu ya kumfikia uliyemkosea, na kila mama anayeketi kwenye benchi lako ainuke akiwa na habari ya mtoto wake.