Jiwe la Binti wa Esta

Makaburi ya Lidcombe, jijini Sydney, yalinukia mikaratusi iliyolowa mvua. Harufu hiyo hunirudishia likizo ile ya shule ambayo mama alinichukua kazini, kwa kuwa nyumbani Mount Druitt hapakuwa na mtu wa kuniangalia. Mama, Mrundi aliyekulia kambini Tanzania, alimtunza Bibi Joyce, mjane wa Kizungu aliyekuwa amefifia macho. Hamu iliyombakia bibi huyo ilikuwa moja tu: kumjua Abigaili, mama wa bibi yake, Mmarekani aliyehamia Sydney katika karne ya kumi na tisa. Kwao walisimulia kuwa alikuwa binti wa nahodha tajiri. Mimi niliona ajabu kumsukuma mtu mzima katikati ya wafu akiwa kwenye kiti cha magurudumu. "Mwacha asili ni mtumwa," mama alinijibu, akaendelea kusukuma.

Kaburi tulilipata nyuma ya kichaka. Mama alikwangua kuvu kwa brashi, nami nikasoma, maana Kiingereza chake kilikuwa bado kizito. "Abigaili, binti wa Esta. Alizaliwa utumwani Virginia, akafa huru."

"Umesoma vizuri?" mama aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Yes, Mama."

Bibi Joyce aliomba nisome tena. Kisha tukamsogeza, akapapasa herufi moja moja. "Miaka yote hii," alisema, "hakuna aliyeniambia kuwa alikuwa na mama."

Jumapili mwanawe alikuja, akaitazama picha ya jiwe kwenye simu. "Huyu ni mwingine. Majina yamefanana tu."

"Mumewe amelala ubavuni pake, kwa jina letu," Bibi Joyce alijibu. "Ni yeye. Na Esta ni wetu."

Mwanawe aliondoka, chai haijapoa. Alikaa muda mrefu bila kurudi, na mama yake hakumwita. Aliporudi, alikuja na habari kwamba binti yake amejifungua mtoto wa kike, na amempa jina la Esta.

Siku hizi watu hutema mate kwenye kichupa cha kupimia nasaba, wakaletewa mababu zao kwenye simu. Mimi naishi Campbelltown, na wanangu husikia Kiswahili wakajibu Kiingereza. Juzi binti yangu alimuuliza mama, bibi yake, kwa Kiingereza, mama wa bibi amezikwa wapi.

"Njiani," mama alisema. "Tulikuwa tunakimbia. Hapakuwa na jiwe."

Kisha akamtajia mtoto jina la mama huyo, Inamahoro, akamtaka alirudie mpaka akalitamka sawasawa.