Mwanamke wa Yahuma na Tangazo la Harusi

Mwezi uliopita nilirudi Kisangani kwa harusi ya mjukuu wa dada yangu. Asubuhi nilikaa uani kwao, upepo ukaleta ngurumo ya maporomoko ya mto pamoja na harufu ya ndizi mbichi zilizokuwa zikichemshwa ili zipondwe ziwe lituma. Basi, rafiki yangu, nikawa tena mtoto wa miaka kumi, katika miaka ile ya hamsini kabla ya uhuru, nikimwogopa mwanamke ambaye sikuwahi kumwona.

Tulikaa karibu na mto: papa, yaani baba yetu, aliyevua kwa mitego mikubwa ya vikapu, mama, dada yangu mkubwa, mimi, na koko, ndivyo tulivyomwita nyanya yetu. Kijana aliyemtaka dada alifanya kazi katika uwanja wa ndege wa Simi-Simi. Alipima uzito wa mizigo, na abiria pia, maana ndege za wakati ule zilikuwa ndogo. Alikuwa mpole, na kila alipokuja alituletea sukari ya vipande iliyofungwa kwenye karatasi. Lakini siku ya kuja kumposa dada alifuatana na wenzake wawili wa kazini tu. Hakuwa na baba, mjomba wala ndugu.

“Hawa ni watu wa kazi,” koko alimwambia. “Watu wa kwenu wako wapi?”

Alijibu kwamba wazazi wake walikufa akiwa mdogo, mapadri wakamlea. Alikuwa na dada mmoja, aliyeolewa mbali wakati yeye hajui hata kuhesabu. “Mi hapana jua kama iko muzima, koko.”

Koko akaomba wapewe chakula. Hakusema ndiyo wala hapana.

Aliyeharibu mambo ni mimi. Siku chache baadaye mama alinituma mtoni, mahali mitumbwi ilipotia nanga, nikanunue samaki wa kukaushwa. Wanawake waliokuwa wametoka Isangi walikuwa wakipiga soga huku wakipanga samaki wao. Mmoja akamtaja yule kijana kwa jina lake lote. Akasema kule Yahuma, mbali kupita Isangi, iko mwanamke mwenye mtoto mgongoni, kila msafiri anayepita anamuuliza habari za kijana huyo. Nilirudi mbio. Wakati wa kula, watu wote wakiwa wamekaa, nikasema, “Bwana wa yaya iko na muke Yahuma. Na mutoto!” Yaya ndilo jina tulilomwita dada mkubwa.

Papa akaacha kula. Dada akainuka, akaenda nyuma ya nyumba. Tangu siku hiyo hakusema nami. Kwenda kuteka maji alikwenda peke yake, na nikimpa kitu alikipokea akitazama pembeni. Sikujua kabla ya hapo kwamba mtu anaweza kukaa nawe nyumba moja na asikuone.

Kijana aliapa hana mke popote. Papa alitaka kumrudisha alikotoka, dada akakataa kula, mama akawa anazunguka kati yao hajui amtulize nani. Ndipo koko akasema, “Tumuandike mu gazeti. Kama muke iko, atasikia.”

Tulikwenda wawili, koko na mimi, kwa sababu mimi nilikuwa nimejifunza kusoma kwa masista na yeye hakuwa tayari kuamini karatasi asiyosomewa. Chumba cha gazeti kilinuka wino na mafuta ya mashine. Karani aliyevaa tai alichukua kalamu.

“Bon, mama. Nani amekufa?”

“Ni harusi,” koko akajibu. “Kama Mungu anapenda.”

Alimfanya aandike jina la kijana, jina la marehemu baba yake, kijiji alichozaliwa, jina la dada yangu, siku ya harusi na mahali tunapokaa. Kisha akaongeza: mwenye neno juu ya kijana huyu afike kwetu kabla ya siku hiyo. Karani akaweka kalamu chini.

“Mama, tangazo la harusi ni la furaha. Hii inafanana na ya polisi.”

“Andika tu, mwanangu. Furaha itakuja nyuma.”

Gazeti lilipotoka nililisoma kwa sauti uani mara tatu, majirani wakisikiliza. Halafu tukangoja. Kila meli ilipopiga honi ikipanda kutoka Isangi, nilikimbilia uzio kuchungulia. Wiki ya kwanza nilisali mtu asije. Wiki ya pili nilisali aje, mambo yaishe.

Alikuja Jumamosi ya wiki ya tatu. Nilikuwa natwanga pondu, majani ya muhogo. Nikainua macho, nikaona mwanamke amesimama penye uzio, miguu ina vumbi hadi magotini, mtoto mgongoni, kipande cha gazeti mkononi.

“Natoka Yahuma,” akasema. “Nimekuja kwa neno la gazeti.”

Mchi ukaniponyoka. Koko akamkaribisha uani. Alimpa kigoda na maji, akampa lituma na samaki wa mawese, maana mgeni hulishwa kwanza, hata akiwa amekuja kubomoa nyumba yako. Dada alisimama penye mlango wa jikoni, ameshika nguzo kwa mikono miwili. Mwanamke alipomaliza kula, koko akamsogelea.

“Huyu mutoto ni wa nani, mama?”

“Wa bwana wangu. Iko kule nyumbani, analinda shamba.”

“Na kijana wa gazeti?”

“Ule? Ni mudogo wangu!” Akacheka, na machozi yakamtoka. “Mimi njo nilikuwa namubeba mugongoni sawa huyu. Miaka yote hii namuuliza kwa wasafiri. Mwalimu wa kwetu alisoma gazeti kisha ya misa, nikasikia jina la papa yetu.”

Koko alishika kichwa, akaketi chini mavumbini, akacheka mpaka akakosa pumzi. Mama akamkumbatia mgeni pamoja na mtoto. Papa aligeuka kutazama mto, akawa anapenga kamasi. Jirani mmoja alipanda baiskeli kwenda Simi-Simi, na kijana alipofika hakumtambua yule mwanamke. Dada yake akamwambia avute suruali juu. Akamwonyesha kovu la moto kwenye kifundo, akamweleza ni chungu gani kilichomwagika na nani alipigwa kwa ajili yake. Kijana alikaa chini kama mtoto.

Nami nilirudi kwenye kinu kwa sababu sikujua pa kujificha. Dada akaja, akaokota mchi wa pili. “Unatwanga pole pole mno,” akasema. “Wageni watakula saa ngapi?” Tukatwanga pamoja, mchi wake na wangu kwa zamu, na mikono yangu haikuchoka.

Lile gazeti limekufa zamani. Penye ua wetu pamejengwa duka la saruji, na wote waliokuwapo siku ile wamelala, hata yule mtoto wa mgongoni. Nimebaki mimi. Nimehudhuria harusi nyingi tangu ile ya dada, rafiki yangu, zenye muziki mkubwa na nguo za thamani. Ila sijaona tena watu wazima wakicheka na kulia namna ile, wakipangusana machozi kwa vidole vyenye mafuta ya mawese.