Mkamwana na Landrova

"Mama, naona vinyota," Sekela alisema, na Esnath akauacha ugali jikoni bila hata kuuepua.

Binti yake alikuwa ameegemea ukuta, miguu imemvimba hadi vifundo havionekani, mkono mmoja juu ya tumbo. Ilikuwa mimba yake ya kwanza, na mumewe alikuwa Chunya akitafuta dhahabu. Nesi Generosa wa zahanati, mtu asiyependa kurudia maneno, alikwisha kumwambia Esnath bila kumung'unya: "Kichwa kikimuuma, au akianza kuona nyota, usimlete kwangu. Mpeleke hospitali, Tukuyu. Usingoje kukuche, usingoje mvua ikatike."

Esnath alikimbia uani, akaingia kwenye Landrova, akazungusha ufunguo. Stata ikalia *tik*. Akajaribu tena. *Tik*. Halafu hata hiyo haikusikika.

Hapo ndipo alipokumbuka. Jana jioni alikuwa amesafisha kwa msasa plati za kuwashia moto wa plagi, akawasha kujaribu, gari likaunguruma vizuri, akalizima. Baadaye akarudisha ufunguo ili aone geji ya mafuta, mara Sekela akamwita, naye akatoka mbio akauacha ufunguo umewashwa. Usiku kucha betri ilikuwa ikinyonywa.

"Mjinga mimi," alisema kwa sauti. "Mjinga kabisa."

Gari lile Amoni, mume wa Esnath, alilinunua kwenye mnada, pale shirika alilokuwa analifanyia kazi lilipopunguza watu na kuuza magari yake mabovu. Watu walimcheka. Wenzake walinunua mashine za kusaga na marobota ya mitumba, yeye akaja na Landrova la zamani, la umri wa kuzidi ndoa yake. Alilitengeneza, likatembea, likabeba ndizi na wagonjwa wa kata nzima ya Masoko. Kisha akaugua yeye mwenyewe, ghafla, masika, na siku hiyo uani hapakuwa na aliyejua kuliwasha. Wanaume walimbeba kwa machela kwenye utelezi. Alifariki hata hawajafika nusu ya njia.

Shemeji zake walitaka gari liuzwe chuma chakavu. Esnath alikataa. Aliishia darasa la nne na alikuwa mwoga wa vitu vingi: radi, mbwa, watu wa ofisini. Lakini machela aliiogopa kuliko vyote. Shemeji mmoja, Lukasi, alimfundisha usukani kwenye uwanja wa shule kabla hajahamia Dar es Salaam. Yaliyo chini ya boneti alikuwa na mtu mmoja tu wa kumfundisha, na mtu huyo hakuruhusiwa hata kumtazama usoni.

Huyo ni baba mkwe wake, mzee Ambindwile. Aliendesha malori miaka mingi mpaka macho yalipoingia ukungu. Ukoo ule, pamoja na Ukristo wao wote, ulikuwa bado unashika heshima ya wakwe kwa mtindo wa zamani. Tangu alipoolewa, Esnath hakuwahi kutamka jina lake, wala kula anapokula, wala kukutana naye njiani bila kuingia migombani na kujifunika kanga mpaka apite. Basi walipataje kufundishana? Mzee alikuwa akikaa nyuma ya ukuta wa mianzi wa jiko, anachonga mpini, huku akizungumza na gari.

"Wewe Landrova," angesema, "anayekufungua akumbuke kuchomoa waya wa betri kwanza, asije akaungua."

Na Esnath, kichwa ndani ya boneti, angejibu: "Gari, mjibu aliyesema. Mwambie waya umeshatoka."

Hivyo ndivyo alivyojifunza plagi, kabureta na plati. Mzee alisikiliza injini jinsi wengine wanavyosikiliza mtoto anayekohoa, akajua wapi panauma.

Sasa, kwenye mvua, Esnath alisimama karibu na ukuta ule ule. Safari hii hakuwa na subira ya kupitia kwa gari.

"Baba! Betri imekufa. Sekela anaona vinyota."

Upande wa pili kisu kikaacha kuchonga. Neno "baba", likisemwa hivyo, moja kwa moja, lilikuwa kubwa. Kisha mzee akauliza, "Taa nyekundu ya dashibodi inawaka?"

"Inawaka, ila hafifu, kama kaa linalokufa."

"Basi moto wa plagi upo. Stata ndiyo haina nguvu. Fungua kifuniko cha distribyuta, ukipanguse kwa nguo kavu. Kavu, umesikia? Umande wa huku unaiba moto. Kisha tutaliwasha kwa mkono, kwa hendeli."

"Baba, watu wa kusukuma…"

"Wote wamekwenda msibani Suma. Na kwenye tope hili, hata wangekuwepo wasingelisogeza. Pangusa."

Alipangusa kwa kitenge chake kizuri. Jirani yake Tusekile alikuwa amefika, wakamshika Sekela huku na huku wakamlaza nyuma ya gari juu ya godoro. Sekela hakulalamika. Hilo lilimtisha Esnath zaidi ya kelele.

Mzee Ambindwile alitokea kwenye kona ya jiko. Kwa mazoea Esnath akavuta kanga usoni na kugeuka.

"Acha hiyo," mzee alisema. "Hendeli hupigwa na watu wawili. Mmoja anavuta, mmoja anakamata mafuta kwa mguu likishika. Mimi mgongo hauwezi kuvuta. Nitakaa ndani. Wewe simama mbele, unitazame. Mvua hii hutanisikia. Nikiinua mkono, vuta."

"Ee Kyala!" Tusekile alisema kutoka nyuma, akimwita Mungu kwa Kinyakyusa. "Mama Sekela, utamtazama mkweo usoni?"

"Tusekile, shika kichwa cha mwanangu, unyamaze."

"Nimenyamaza. Mimi najiulizia tu."

Mzee alipanda kwenye kiti cha dereva. Esnath akaingiza hendeli chini ya rejeta, akaizungusha taratibu mpaka ikauma.

"Kidole gumba!" mzee alipaza sauti dirishani. "Kiweke upande mmoja na vingine! Ukikizungushia, likirudi nyuma litakuvunja mkono. Na vuta juu, usisukume chini!"

Esnath aliinua macho. Kupitia kioo kilichojaa matone aliuona uso wa baba mkwe wake, mara ya kwanza tangu harusi. Alitarajia uso mkali. Akakuta masikio ya Amoni, na mdomo wa Amoni, uliokunjwa vile vile Amoni alivyokuwa akiukunja akitafuta tatizo. Mkono wa mzee ukainuka. Akavuta.

Hendeli ikapiga teke. Ilirudi kwa nguvu ikamtupa kwenye tope, kiganja kikawaka moto. Vidole vilikuwa vizima vyote.

"Nimewasha mapema mno! Kosa langu!" mzee aliita. "Umeumia?"

"Sijaumia," alidanganya.

"Mama," Sekela aliita kutoka nyuma, sauti nzito kama ya mtu aliyelewa. "Mama, giza."

Ilikuwa mchana. Esnath akasimama, akafuta kiganja kwenye sketi, akashika hendeli tena. Akamtazama mzee bila kupepesa. Mkono ukainuka, akavuta, injini ikakohoa ikafa. Akavuta tena. Ikakohoa, ikakohoa, halafu ikanguruma, moshi ukajaa uani.

"Chomoa hendeli! Njoo!"

Esnath alifika kwenye mlango wa dereva, akaganda. Mzee alikuwa bado kwenye kiti, mguu umekandamiza mafuta. Akiuinua, gari litazima, na ile taa nyekundu huenda isiwake tena.

"Nasogea kiti cha kati," mzee alisema, akitazama mbele. "Mguu unabaki. Panda, weka wako juu ya wangu, nami nitauchomoa."

"Baba, siwezi."

"Mkamwana. Nilibaki nimekaa nyuma ya ukuta ule siku waliyombeba Amoni, nikisubiri mtu aje aniite nisaidie kuliwasha. Wanaume walikimbilia machela, nawe hukuthubutu. Panda."

Alipanda. Bega lake likagusa la mzee. Aliweka mguu wake, wenye tope, juu ya kiatu cha baba mkwe wake, akakandamiza. Kiatu kikachomoka taratibu chini yake. Injini ikayumba, haikuzima.

Esnath akaingiza gia, wakatoka uani.

Barabara ilikuwa tope jekundu na mawe. Kila mteremko Esnath alikanyaga breki kabla ya wakati, na kila mlima alisikia injini ikiomba gia ya chini kabla mzee hajasema. Wakulima wa chai walisimama kando na vikapu mgongoni, wakatoa macho: mkwe na mkamwana, bega kwa bega. Kesho itazungumzwa Masoko yote. Aliwaona, akapita.

"Anapumua?" aliuliza.

"Anapumua," Tusekile alijibu. "Ila amekaza meno."

"Ongeza," mzee alisema.

Hospitalini wauguzi walikuja na kitanda cha magurudumu. Esnath alitaka kukimbia nacho, akageuka kutazama gari.

"Nenda na mwanao," mzee alisema, akijisogeza kwenye usukani. "Mimi nitalishikilia lisizime. Labda watatutuma dawa mjini."

Saa zilipita. Walimpasua Sekela. Esnath alitoka nje mvua ikiwa imekatika, akakuta Landrova bado linaunguruma chini ya msonobari, na mzee ndani yake, mguu palepale, jasho likimtoka.

"Baba," alisema, akisimama dirishani. "Mtoto ni wa kike. Mdogo, ila analia."

"Na mama yake?"

"Yuko hai. Wamesema tulimuwahi."

Mzee Ambindwile akalizima gari. Akafungua mlango ashuke, akashindwa. Mguu ulikuwa umekufa ganzi. Alijaribu mara nyingine, akatikisa kichwa kwa aibu.

Kwenye baraza walikuwepo watu wengi, wengine wa ukoo wao, wamekuja kuona wagonjwa. Waligeuka kutazama. Esnath aliwaona wote. Alipitisha mkono wake chini ya kwapa la baba mkwe, akamwegemeza begani, akamshusha chini polepole. Hakumwachia mpaka mguu ulipopata nguvu tena.