Punje ya Kahawa

Kila ninapopita kwetu Nshamba msimu wa kuanika kahawa, harufu yake hunibana kifua.

Siku ile mama alikuwa shambani akikata ndizi, na mimi niliachiwa mdogo wangu, msichana wa miaka miwili. Alikuwa analia, basi nikampa punje kavu za kahawa achezee. Akatia moja mdomoni, akacheka, kisha akapaliwa. Macho yalimtoka. Alikohoa sana, halafu akanyamaza, nami nikashukuru kwamba imepita.

Haikuwa imepita. Mama aliporudi, mtoto alikuwa anapumua kama anayepiga mluzi.

"Amekula nini huyu?"

"Hajala kitu," nikasema, kwa kuogopa fimbo.

Tulipofika hospitali ya Bukoba, midomo yake ilikuwa imeanza kugeuka bluu, na wauguzi, wakidhani ni nimonia, wakaanza kutayarisha dawa. Daktari, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, alimsikiliza kifua upande mmoja, kisha wa pili, akageuka kunitazama mimi.

"Mlikuwa mnachezea nini?"

"Kahawa," nikasema, na mkojo ukanitoka papo hapo.

Wakamkimbiza ndani wampitishie mrija kooni, waitoe ile punje. Tulikaa kwenye benchi mpaka tukamsikia analia.

Nilingoja kipigo. Mama alinishika tu kifundo cha mkono, wala hakuniachia jioni ile yote, hata nilipomwambia, "Mama, unaniumiza."