Kipimajoto cha Chumba cha Baba

Mtaani walimwita Mama Waya, kwa kuwa miaka kumi na tisa alikuwa akitengeneza redio na pasi za watu. Baba yake, mwoka mikate mstaafu, aliishi peke yake upande wa pili wa mji, katika chumba cha paa la bati. Mwaka ule joto halikuwa la mchezo. Mzee akazirai mara mbili, na daktari akasema wazi: chumba kisipite nyuzi thelathini.

Mama Waya hakuweza kuwa pande mbili kwa wakati mmoja, basi akaunda kidude cha kumwangalizia. Kilikuwa kidogo kama kiberiti, na betri yake kama kifungo cha koti. Kazi yake ilikuwa kupima joto na kulirusha bila waya hadi kisanduku kilichochomekwa umeme kwa jirani wa mzee, nacho kilimtumia bintiye kipimo kwenye simu. Cha kwanza kilikata roho siku ya tisa. Alikichokonoa weee, ndipo akamgundua mwizi: kitaa chekundu alichokiweka kwa urembo tu kilikuwa kikinyonya betri. Akaking'oa. Akakifundisha kidude kulala usingizi wa pono, kiamke kila dakika kumi, kiseme neno moja, kilale tena. Sasa betri ingefika mwaka.

Kikafanya kazi, tena barabara. Thelathini na mbili. Thelathini na nne. Akapiga simu.

"Shikamoo baba. Fungua dirisha."

"Marahaba. Liko wazi, mwanangu."

Dakika kumi baadaye: thelathini na tano.

"Baba, mbona joto linapanda?"

"Kiulize hicho kidude chako. Miaka arobaini nimesimama mbele ya tanuri, leo nifundishwe joto na kiberiti?"

Alimwomba jirani afungue. Jirani akimpa kisogo tu, mzee anafunga.

Alhamisi moja mchana kidude kikasoma thelathini na saba, na simu haipokelewi. Aliacha pasi ya mteja imefumuliwa mezani, akakimbia. Alimkuta mzee kitandani ndani ya sweta, midomo imekauka, dirisha limekomewa. Akamnywesha maji kidogo kidogo, akamvua sweta, akafungua. Upepo ulipoingia tu, mzee akaanza kutetemeka, meno yanagongana.

"Baridi, mwanangu."

"Baba, humu ndani kunaungua!"

"Hicho kinapima chumba. Mimi kinanipima wapi?"

Alimpigia daktari. Daktari akasema ni uzee, mwili umesahau kusoma hali ya hewa, na kwa vyovyote dirisha lisifungwe.

"Nifungie," mzee akaomba, kwa sauti ndogo ambayo bintiye hakuwahi kuisikia.

Alisimama na mkono kwenye komeo. Mwishowe akalirudisha nusu, asijue amemtii nani wala amemsaidia nani. Akaketi ukingoni mwa kitanda, jasho likimtiririka, huku mzee akijikunja kwa baridi. Mikono iliyozoea kusaka hitilafu ikabaki mapajani, haina pa kushika.