Bega la Miaka Hamsini

Kabla ya bega hili nilikuwa msusi, mtaani Mabawa hapa hapa. Mikono yangu ingeweza kusuka Tanga nzima na Muheza ikapanga foleni, nami nisichoke. Nakuandikia wewe uliyelala na kiungo kisichosikia amri, usije ukadhani umekwisha.

Lilianza kama kichomi kwenye bega la kulia. Nikasema nimelalia vibaya. Miezi ikapita, mkono ukakataa kufika kichwani, kisha ukakataa hata kufika mgongoni. Nikigeukia upande ule usiku, mayowe yangu yalisikika Mombasa.

Hospitali daktari akanipima. "Mfuko wa kiungo umekakamaa, mama, na sukari yako iko juu. Huchukua muda mrefu, lakini huachia. Meza dawa ya sukari, fanya mazoezi."

Siku moja nikajifungia chumbani kwa komeo, nikavua gauni kwa kulipitisha kichwani. Likafika mabegani, mkono ukagoma. Mbele giza, pumzi yangu inanirudia usoni, mkono mmoja juu, mwingine umebanwa kifuani. Nikashindwa kwenda mbele wala kurudi nyuma.

"Mama, fungua mlango," akaita mkwe wangu Zuena.

"Nifungue kwa mkono gani?"

Mwanangu alivunja mlango huku kafumba macho, Zuena akaingia kunitoa. Tangu siku hiyo komeo halikurudishwa. Nikawa wa kuvishwa na kuvuliwa, mlango wazi, mtu mzima mimi. Hilo liliniuma kuliko bega.

Nikaenda kwa daktari wa Kichina mjini, mama mfupi mwenye mkalimani.

"Anasema kwao hili huitwa bega la miaka hamsini," mkalimani akatangaza, na wateja wangu wa kusuka wamejaa pale, wote wanajua nina arobaini na mbili.

Akanichoma sindano kwenye muundi wa mguu.

"Mwambie bega liko juu," nikasema.

"Anajua. Anasema inua mkono."

Ukapanda shibiri moja. Kisha akanilaza, akapachika sindano begani na nyaya za umeme mdogo, akaniamuru nisitikisike. Nzi akatua puani. Yule nzi alikaa pale mwaka mzima, nami siwezi kumfukuza.

Mtoto wa kaka yangu, Mwanaidi, aliyejifunza ukandaji wa Kithai hotelini Unguja, naye akaja na mkeka. Gumba, kiwiko, goti.

"Pumua, shangazi."

"Nitapumuaje nawe umenikalia?"

"Sijakukalia, nimekuegemea."

Akanikanda kwa kitambaa cha moto kilichofungiwa mchaichai, binzari na tangawizi.

"Hivi si vipo nyuma ya jiko langu?"

"Vipo. Wenzetu wameviingiza darasani, shangazi. Kuna mitihani."

Mimi niliyemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni nikafikiri. Wachina na Wathai wote wanasema mwili una njia zake. Mchina huzifuata kwa sindano, Mthai kwa gumba. Mchina ameongeza umeme, na dawa zilizochemshwa chunguni leo ni unga wa pakiti. Kwa Wathai, ukandaji uliorithishwa nyumbani sasa una vyeti na umeingia hospitali zao.

Zile pakiti alizonipa Mchina nilimwonyesha daktari wa hospitali. "Usimeze," akasema, "unatumia dawa ya sukari." Sikumeza.

Miezi ikaenda, bega likaanza kuachia. Usiniulize ni nani aliyelifungua. Huenda ni mazoezi, sindano, gumba, au muda wenyewe. Nawashukuru wote, na Mungu kabla yao. Pima sukari mapema, na kila anayekutibu mwambie habari za mwenzake.

Juzi nilinunua komeo jipya. Nikajifungia, nikavua gauni. Likafika masikioni, likasimama. Giza lile lile.

"Mama," Zuena akaita nje, "nije?"

Nikapumua kama nilivyofundishwa. Mkono ukapanda, polepole, ukapita kichwa.

"Mama?"

Gauni lilikuwa tayari sakafuni.

"Nenda kapike," nikamwambia.