Mpiga Taipu Aliyewainua Makarani Vitini

Saa nne asubuhi, na mashine za taipu zinanyamaza zote kwa pamoja. Praxeda anasukuma kiti nyuma, ananyoosha mgongo, kisha anapiga makofi. "Haya jamani, juu! Maji, halafu njiani!"

Makarani wa ofisi hii ya kusafirisha mkonge, karibu na bandari ya Tanga, wanakunywa bilauri ya maji kila mmoja, kisha wanateremka ngazi kwa kelele kama watoto wanaotoka shule. Wanatembea hadi pwani na kurudi, robo saa tu. Mbele kabisa, mkononi bakora asiyoiegemea, yuko Mzee Marhun, karani wa mizigo. Mwaka jana mzee huyu nusura afe peke yake.

Praxeda ni binti wa mkata mkonge wa Pongwe, na taipu alifundishwa na masista wa misheni. Ukimsikia leo, huamini kwamba alikuwa bubu wa ofisi.

"Nilikuwa naingia, nagonga taipu, natoka," anasema. "Wote tulikuwa hivyo. Hata chakula, kila mtu kwenye meza yake, mgongo kwa mwenziwe."

Kisha Mzee Marhun akakosekana. Jumatatu kimya, Jumanne kimya. Jumatano Praxeda akamuuliza Noa, karani mkuu, mzee anakaa wapi.

Noa akawatazama wenzake. Wenzake wakamtazama yeye. Walikuwa wamefanya kazi na mtu huyo miaka na miaka, na hakuna aliyeijua nyumba yake.

Mchana ule Praxeda aliingia mtaa wa Ngamiani, akiuliza mlango hata mlango. Mama mmoja muuza vitumbua akamwonyesha chumba cha uani.

"Hodi! Shikamoo, Mzee Marhun."

"Marahaba," sauti ikajikokota kutoka ndani. "Nani wewe?"

"Praxeda, wa ofisini."

"Ofisini? Kumbe mnanikumbuka."

"Neno lile lilinichoma," anasema Praxeda.

Baada ya kufiwa na mkewe, mzee alikuwa amehamia chumba kile, na mwanawe wa pekee yuko Pemba. Mguu ulikuwa umevimba, mtungi hauna tone la maji. Praxeda akakimbia kumwita Noa, wakamfikisha hospitali. Daktari aliwaambia damu ilikuwa imeganda mguuni, na kwamba wangechelewa kidogo tu wangekuja kumzika. Akamwonya mgonjwa: akipona asikae kitini kutwa nzima, anywe maji, atembee kila siku.

Mzee aliporudi kazini, Praxeda alimngoja mlangoni. "Hutembei peke yako, mzee wangu. Twende."

Siku ya kwanza walikuwa wawili, na Noa akiwachungulia dirishani. Kesho yake Noa akashuka. Haikuchukua muda, chumba kizima kikawa barabarani! Adhuhuri nazo zikabadilika: meza zikasogezwa pamoja, Bertha wa stoo akaleta mihogo ya nazi, Mzee Marhun akaleta tende, na watu wakaanza kuulizana habari za watoto.

Bwana meneja hakufurahi. "Hapa ni ofisi, si uwanja wa mpira," alisema, akapiga marufuku matembezi.

Praxeda akaingia ofisini kwa meneja. "Bwana, tutaanza kazi robo saa mapema. Tupe mwezi mmoja. Kazi ikilala, nifukuze mimi."

Meneja akakubali kwa shingo upande. Mwezi ulipokwisha, saa nne ikagonga na hakuna aliyethubutu kuinuka. Vichwa chini, macho kwenye karatasi. Mlango wa meneja ukafunguka. Akaitazama saa ya ukutani, akawatazama wao.

"Kazi haijalala," akasema. "Sasa mnangoja nini?"

Ofisi ikalipuka kwa vigelegele! Bertha alimkumbatia Praxeda hadi kilemba kikamwanguka.

"Napanda ngazi bila kushika ukuta, wallahi," anasema Mzee Marhun. "Lakini si miguu tu. Sasa nina watu. Nikichelewa asubuhi, huyu binti kishatuma mtu."

Hamu ya Praxeda ni kuona kila ofisi ya mjini ikifanya hivyo, na ameanza kuzipitia moja moja. Jumamosi ijayo ataongoza matembezi hadi kwao Pongwe, ambako mama yake atawapikia wageni.

"Nilimwambia mama apikie watu ishirini," anasema, akiziba mdomo kwa kicheko. "Jana walikuja wa posta kujiandikisha. Leo asubuhi wamekuja wa benki. Mama bado hajui!"